KAZINI KWETU: Bosi ambaye watu wanajua watamkuta vipi

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wenye vyeo wenyewe, mara nyingi huwa ni walalamikaji wa mabosi ndio wanaandika, sasa leo mabosi nao wamefunguka na mi nimefurahi sana. Nimechagua saba. Zingine zilikuwa ndefu mno nimezipunguza, na majina ya sehemu za kazi nimeyatoa yote. Utaona narudia rudia jambo moja kwenye majibu, kwamba watu walio chini yako wanatakiwa wajue kabla hawajagonga mlango watakukuta vipi, nisameheni ila kila nikisoma barua nakuta ni hilo hilo limejificha ndani.

Shikamoo mama. Niko kiwanda cha vinywaji hapa Dar, nina miezi miwili tangu nipewe usupavaiza wa zamu ya usiku upande wa kupaki. Shida ni kwamba ninaowasimamia ni washkaji zangu, tumeanza wote vibarua, tumekula kwa mama ntilie mmoja miaka. Sasa nikisema kitu wanacheka, wananiita mheshimiwa, kuna mmoja anachelewa kila siku nikimuuliza anasema we si mwenzetu bwana. Juzi nikachoka nikawachana wote kwenye grupu la WhatsApp la zamu, sasa wameninunia hata salamu hamna. Niwe mkali zaidi au niombe nirudishwe nilikotoka?
*Supavaiza mpya, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu, na hongera. Usirudi ulikotoka, waliokupa hiyo kazi wamekuona na ukirudi leo utakaa kwenye laini ile ile ukisimamiwa na mtu asiyejua kazi kama unavyoijua wewe.

Hao wenzio hawakuchukii. Hawajui wewe wa sasa ni yupi. Jumatatu umecheka nao, Jumanne umekausha, Jumatano umempa mmoja ruhusa kwa siri, Alhamisi umewafokea kwenye grupu, sasa mtu atajuaje leo akija anamkuta nani? Lazima wakupime kila siku, ndio maana ya hiyo mheshimiwa mheshimiwa, wanabonyeza waone patatoka nini.

Anza na hilo la grupu kabla halijakaa sana. Andika humo humo, maneno machache, kwamba suala la kuchelewa unalisimamia ila hukutakiwa kulisema mbele ya watu wote, na kuanzia sasa jambo la mtu utaongea na mtu mwenyewe. Basi, usiandike insha, usijitetee. Kisha uishi hivo kweli. Grupu liwe la ratiba, gari la stafu limefika wapi, mashine namba ngapi imezima, nani kapata mtoto. Mtu ukimsema mbele ya wenzie hasikii tena ulichomwambia, anasikia wenzie wanavyomcheka, na kesho atatafuta namna ya kukurudishia.

Halafu kaa na huyo wa kuchelewa, peke yenu, mbali na laini, na usimsubirie kwenye siku aliyochelewa, mchukue siku aliyowahi. Mwambie wazi: mi na we ni marafiki na nataka tubaki hivo, ila ukichelewa dakika ishirini kuna mtu wa zamu ya mchana anabaki kusimama badala yako na wewe humlipi wala mimi simlipi, kwa hiyo kuanzia wiki hii ukichelewa naandika, kama ninavyoandika kwa mwingine yeyote. Muulize na yeye ana nini, labda kuna jambo nyumbani. Akichelewa tena, andika. Usipandishe sauti, usinune, we andika. Ukimwandika huyo rafiki yako wa karibu kwa utulivu, zamu nzima itakuwa imekuelewa bila kikao.

Sasa nakuambia pale ambapo urafiki utakusumbua kweli, ni kwenye overtaimu na ratiba ya zamu. Hapo ndipo washkaji watakuja na maneno matamu na hapo ndipo wengine watakuangalia kwa jicho la pembeni. Ratiba iandike, ibandike ubaoni, kila mtu aone nani kafanya wiki iliyopita na nani anafuata. Na ujue sheria, maana supavaiza wengi hawaijui wanabahatisha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, overtaimu ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Na nyie wa usiku mna lenu, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kaangalie slipu za watu wako hiyo 5 kama ipo. Kama haipo, nenda kwa wahusika ukaulize kwa niaba yao, kwa heshima, ukiwa na karatasi mkononi. Hakuna kitu kitakachowafanya wakuheshimu haraka kama kusikia kwamba mheshimiwa wao kaenda juu kudai haki yao.

Mi nimewahi kufanya kazi chini ya mzee mmoja wa uzalishaji, kila zamu zinapobadilishana alikuwa anasimama sehemu ile ile karibu na geti, anauliza wanaotoka swali moja tu, mashine gani imewasumbua leo? Anasikiliza, anaandika kwenye kidaftari, halafu anaingia na zamu mpya anawaambia. Kila siku. Mvua, jua, hata siku za mfungo akiwa kachoka. Watu walikuwa wanakuja na jibu tayari kutoka ndani kwa sababu walijua mzee yupo pale na atauliza, na walijua wakimwambia bearing inapiga kelele kesho fundi atakuwa amekuja. Hakuwahi kufoka na hakuna aliyekuwa anamchezea.

Na kula kwa mama ntilie endelea kula nao. Ila ukiwa pale usimjadili mfanyakazi ambaye hayupo.

Dada habari za kazi. Mimi ni sista inchaji wa wodi, hospitali ya serikali mikoani. Wauguzi wangu wengi ni vijana, wanajituma, ila wananificha makosa. Mwezi uliopita mgonjwa amerukwa dozi mbili za antibiotiki, nikaja kuambiwa na ndugu wa mgonjwa, wauguzi wenyewe kimya. Mimi siyo mkali kabisa, kila mtu anajua. Sasa kwa nini hawaniambii?
*Sista, Nyanda za Juu Kusini*

Nzuri mdogo wangu, pole na kazi, najua wodi zetu zilivyo, wauguzi wawili vitanda arobaini na ndugu wamejaa dirishani.

Nakuamini kwamba siyo mkali. Ila jiulize kitu kimoja, yule wa mwisho aliyekuja mwenyewe kukuambia nimekosea, ilimkuta nini? Siyo wewe peke yako, ilimkuta nini hospitali nzima. Aliitwa ofisini kwa matroni? Aliandikishwa maelezo? Jina lake lilizungumzwa kwenye kikao cha asubuhi? Maana hawa vijana hawaangalii sura yako, wanaangalia mwenzao aliyesema ukweli aliishia wapi, na kama aliishia vibaya basi hata ukiwa mpole kiasi gani watanyamaza.

Kwa hiyo tengeneza utaratibu wako wa kupokea habari mbaya na usiubadilishe hata siku moja. Mtu akija na kosa, swali la kwanza mgonjwa yukoje sasa hivi. La pili tunamfanyia nini, daktari ameambiwa? La tatu imetokeaje. Swali la nani liache mwisho kabisa, na mara nyingi ukifika huko utakuta halina hata umuhimu. Na kabla ya hayo yote, mwambie asante kwa kunieleza. Sema kwa sauti wengine wasikie.

Hilo la imetokeaje lifuatilie kama mpelelezi. Dozi hairukwi hivi hivi. Labda makabidhiano yalifanyika koridoni watu wakiwa wameshavaa mikoba, labda karatasi ya dawa ilikwenda na mgonjwa eksirei haikurudi, labda kuna wagonjwa wawili wenye jina linalofanana vitanda vimekaribiana, labda dawa iliisha wodini na aliyeenda famasi akaitwa kwingine njiani. Nakushauri makabidhiano ya zamu yafanyike kitanda kwa kitanda, anayetoka na anayeingia wamesimama pamoja, karatasi ya dawa mkononi, wanaangalia kisanduku kilicho wazi. Inaongeza dakika, ndio, watalalamika wiki ya kwanza, ila kisanduku kilicho wazi kinaonekana hapo hapo mgonjwa akiwa bado anaweza kupewa.

We uko huko kusini, bila shaka umepita kwenye mafunzo ya S tano, ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali ya rufaa Mbeya ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini kuanza nayo mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, na baadaye wizara ikaisambaza. Wengi tumeichukua kama mambo ya kupanga makabati na kubandika stika, lakini chimbuko lake ni viwanda vya Japani kama Toyota, ambapo pembeni ya laini kuna kamba na mfanyakazi yeyote, hata wa jana, akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia na wasipoweza kuitatua laini inasimama. Fikiria hilo, kibarua anasimamisha kiwanda na hapigwi jicho. Makabati yenu yanaweza yakawa yamepangwa vizuri sana na bado hamna kamba. Wodini kwako kamba ni wewe, ukivutwa uje.

Ila kuna mstari uuchore mapema na uwaambie wote siku moja wakiwa pamoja. Kusahau dozi ni kosa, tutalirekebisha. Kusaini kwamba umempa dawa wakati hujampa ni uongo kwenye faili la mgonjwa na hilo linakwenda kwenye nidhamu, hata awe nani. Wakijua tofauti mapema hawatachanganya woga wa moja na la pili.

Na ndugu wa yule mgonjwa, kama hujawaeleza ukweli, waite uwaeleze, ukiwa na mmoja wa hao vijana wako pembeni. Waone dada mkubwa anavyofanya.

Mhariri, nimesoma majibu yako siku nyingi na leo nasema sikubaliani. Mimi ni meneja wa kiwanda, miaka zaidi ya ishirini kwenye hizi kazi. Haya mambo ya kusikiliza na kuongea taratibu ni ya semina. Mswahili bila kufokewa haendi. Nikitoka nje ya geti tu kila kitu kinalala. Nipe mfano mmoja wa hapa hapa Tanzania wa watu waliofanya kazi bila kufokewa.
*Meneja, Morogoro*

Kaka yangu nashukuru kwa kuandika, na jibu la swali lako umelitoa mwenyewe kwenye barua. Ukitoka nje ya geti kila kitu kinalala. Miaka ishirini ya kufoka imezaa kiwanda kinachohitaji macho yako, na una macho mawili tu na usiku unalala.

Umetaka mfano wa hapa hapa. Nenda kwenye kikoba chochote, kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama hapo Morogoro mjini siku ya kikao. Wamekaa kwenye mkeka, hakuna meneja, hela zinahesabiwa mbele ya wote, aliyechelewa anatoa faini bila kuambiwa mara mbili, mwenyekiti mwenyewe akichelewa anatoa faini ile ile, na daftari limeandikwa. Hao ni Waswahili hao hao. Tofauti ni kwamba kanuni walizitunga wakazielewa na hazibadiliki kwa sababu ya sura ya mtu. Sasa wewe kwenye kiwanda chako, faini ya kuchelewa inamgusa na mhasibu? Inakugusa na wewe?

Na mwingine mfano, huu wa zamani lakini wewe kama mtu wa viwanda nadhani unaukumbuka au uliusikia kwa wakubwa. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati ule, ilitoa Mwongozo, na kipengele cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, ufujaji, dharau na ukandamizaji, kikataka awe mtu anayeheshimu watu. Chama kiliandika siasa, lakini wafanyakazi wa viwandani wakaisoma kama barua yao. Miaka ile miwili mitatu iliyofuata walisimamisha kazi sehemu nyingi, na malalamiko mengi hayakuwa mshahara, yalikuwa mabosi wenye matusi, wanaowadharau, wanaowaita watu kama watoto. Mwaka 1973 pale kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi waliufungia uongozi nje wakaendesha uzalishaji wenyewe. Waliendesha kaka, bila mtu wa kuwafokea.

Sikuambii uwe laini. Kuwa mkali kwenye vitu: muda, viatu vya usalama, ubora wa mzigo unaotoka, usafi wa mashine. Asiyevaa kofia ngumu arudi nyumbani leo na siku hiyo isilipwe kama taratibu zenu zinavyosema, hata awe opereta wako bora. Huo ni ukali na naupenda. Ila matusi ni kitu kingine, mtu ukimtukana mbele ya vijana aliowafundisha kazi yeye, unapoteza kile kilichokuwa kichwani kwake. Mashine inaanza kulia vibaya tangu asubuhi, opereta anaisikia, anajua kabisa ni nini, ila nani akamwambie mzee? Anaiacha. Saa nane mchana inakatika shafti na hasara unaibeba wewe.

Jaribu kitu. Chagua sehemu moja ya kiwanda, wape lengo la wiki, waulize wao wanahitaji nini ili walifikie, wape walichoomba kama kipo, halafu usiende pale kukagua isipokuwa muda mliokubaliana. Ukiona matokeo niandikie, yawe mazuri au mabaya, nitayachapa.

Mimi ni mkuu wa idara na akili yangu inafanya kazi vizuri usiku. Nikipata wazo saa tano usiku namtumia mtu meseji, siyo kwamba ajibu muda huo. Mume wangu anasema nawanyanyasa watu. Ni kweli?
*Mama wa mipango, Dodoma*

Mume wako yuko sahihi. Wewe unajua siyo lazima wajibu, wao hawajui, wanaona jina lako linawaka kwenye simu wakiwa wamelala na mtoto ubavuni na moyo unaruka. Andika wazo lako, lihifadhi, litume saa mbili asubuhi. Na la dharura piga simu, ili wajue simu yako ya usiku maana yake kuna jambo kweli.

Salamu sana dada. Mimi nasimamia wasafishaji wa vyumba kwa hoteli moja ya ufuoni, kaskazini ya Mombasa. Kuna kijana wangu yuwafika saa mbili na nusu badala ya saa moja, wiki nzima. Kazi yake nzuri, wageni wampenda, lakini nimechoka. Meneja aniambia nimfute tu, msimu wa mvua waja na wageni watapungua hata hivyo. Nimefikiria nimpe barua kesho asubuhi. Wasemaje?
*Msimamizi, Mombasa*

Salama ndugu yangu. Nasema kesho asubuhi usimpe barua yoyote, kesho asubuhi muulize swali. Kwenye barua yako yote hujaandika sababu yake ya kuchelewa, na mi nahisi hujamuuliza, umemuuliza kwa nini umechelewa, kwa sauti ile ambayo mtu hajibu. Kijana anayependwa na wageni na kazi yake nzuri haamui tu kuchelewa wiki nzima.

Anakaa wapi? Kama ni ng'ambo ya Likoni basi ana feri, halafu matatu mpaka huko kaskazini, na asubuhi foleni ya feri unaijua kuliko mimi. Kama ni hivyo, kuna zamu gani nyingine inayomfaa? Wageni wengi hawataki chumba kisafishwe saa moja, wanalala. Labda aingie saa tatu atoke jioni, ashike vyumba vya wanaochelewa kuamka na matayarisho ya jioni. Lakini wenzie waambiwe, kwa sababu hiyo saa moja na nusu anayochelewa kuna mtu ambaye amekuwa akimsafishia vyumba vyake kimya kimya, na huyo naye ana la kusema. Mkikubaliana muda mpya uwe umeandikwa, na akiukosa na huo hapo sasa utaratibu uanze.

Na utaratibu wa Kenya hauruhusu hiyo ya kumfuta tu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka kabla ya kumfuta mtu kwa sababu ya mwenendo umueleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na uwasikilize wote wawili. Ukiruka hapo hata kama kosa ni la kweli hoteli inaweza kushindwa kortini. Wasomaji wetu wa Tanzania nao wasikae mkao wa kula, huku pia mtu anapewa barua ya tuhuma na si chini ya saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na akiachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hilo la msimu wa mvua nimelisoma mara mbili likanikera. Kama hoteli inapunguza watu kwa sababu ya wageni kupungua, ina njia yake kisheria na iseme hivyo. Kulivalisha kosa la kijana mmoja, wenzie wote wataliona, na wewe ndiye utabaki nao mwezi wa saba wageni wakirudi.

Dada, bosi wangu anachukua ripoti ninazoandika anazipeleka kwa mkurugenzi kama zake. Kwenye kikao anasifiwa na mimi niko pale nimekaa. Nimuumbue?
*Mtumishi wa umma*

Usimuumbue. Siku ile utajisikia vizuri mpaka jioni, baada ya hapo utakuwa mtu asiyeaminika kwa wote wawili, hata huyo mkurugenzi atajiuliza na mimi ataniumbua lini.

Kwanza kumbuka ripoti ya idara ni ya idara, bosi kuipeleka siyo wizi, na akibanwa kwa makosa yaliyomo anabanwa yeye. Kinachouma ni kwamba hataji. Sasa mwambie, mkiwa wawili, siku ya kawaida isiyo na joto: bosi ripoti ijayo ningependa niiwasilishe mimi sehemu ya takwimu, nijifunze. Wengi hukubali, wengine hawakuwahi hata kuwaza. Pia jaza kazi zako kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, vizuri na kwa wakati, ulipochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS watu wengi waliuona usumbufu, lakini pale ndipo kazi yako inakaa kwa jina lako, na aliyeandika tu "kuandaa ripoti" hana tofauti na asiyeandika. Taja ripoti gani, lini, imetumika wapi.

Na nyie mabosi mnaosoma hii, kumtaja mtu kunawagharimu nini? Sema hizi hesabu kazifanya fulani, nimezipitia nikaridhika nazo. Mkurugenzi anatoka pale akijua una watu wazuri na unawajua. Halafu taja kazi yenyewe, usiseme tu timu yangu inajituma, hiyo haimgusi mtu yeyote.

Nina duka la hadweya Arusha, saruji, nondo, mabati, rangi. Nikitoka tu simu haiishi kuita, bosi mteja anataka kupunguziwa, bosi fundi anataka kukopa. Siwezi hata kwenda msibani. Nina kijana wa kazi, mwaminifu, na nina shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, naye yuko dukani. Nimwachie nani na vipi?
*Mfanyabiashara, Arusha*

Wanakupigia kwa sababu kila jibu liko kichwani kwako na hujawahi kuliandika. Kaa chini jioni moja uandike: saruji punguzo mwisho kiasi gani kwa mfuko na kuanzia mifuko mingapi, bati mwisho kiasi gani, rangi hakuna. Kukopa ni wewe tu, na hata wewe ukiwa safarini jibu ni hapana mpaka urudi, mafundi watazoea. Kila mauzo risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kila malipo ya lipa namba yaandikwe na muda wake, jioni hela ihesabiwe na watu wawili. Ikiwa imeandikwa hivyo mtu hana sababu ya kukupigia na wewe huna sababu ya kupokea.

Akiamua kitu ndani ya hiyo mipaka na wewe ungeamua vingine, nyamaza. Usimgeuzie mbele ya mteja hata kama umepoteza elfu mbili, maana mteja akiona mara moja tu kwamba bosi anageuza, hatamsikiliza tena kijana wako, atakuomba namba. Mkifunga duka ndio umwambie ulichoona. Anza na siku moja ya katikati ya wiki ambayo siyo ya mzigo mkubwa, toka kweli, kaa mbali, na simu mkubaliane iwe moja tu, saa saba.

Nani? Mwachie anayeijua kazi na daftari lake linalingana na hela, na kwa ulivyoandika naona ni huyo kijana, shemeji umemtaja kwa undugu tu hukusema anafanya nini. Kama ni hivyo basi waweke wote wawili chini uwaambie nani anaamua ukiwa haupo, waziwazi, usimwachie kijana aje kupambana na shemeji wa bosi mbele ya wateja. Na kabla ya hapo, jioni moja kabla, mwambie mke wako wewe mwenyewe na sababu zako zote, asije kuyasikia kwa mdogo wake.